Chili ya wachumaji karafuu: shajara ya chungu cha umeme, Wete, Pemba

Siku ya 1, Ijumaa usiku

Wifi yangu amekuja likizo kutoka Toronto na boksi zito. Nilidhani viatu vya watoto. Kumbe chungu cha umeme, kile cha kupikia polepole: nje bati jeupe, ndani chungu cha kauri kinachotoka, juu kifuniko cha kioo, na swichi moja ya kuzungusha yenye alama tatu, moto mdogo, moto mkubwa na kuweka joto. Kinachukua lita 6 kasoro kidogo. Pamoja nacho ipo karatasi ya mapishi, na la kwanza kabisa ni chili.

Nimeamua kuandika kila jaribio kwa sababu nina kazi maalumu ya kukipa. Mama mkwe ana mikarafuu yake Mtambwe. Siku ya kuchuma tunakuwa watu 12 na wote tunakula hukohuko shambani. Kila msimu mmoja wetu, na mara nyingi huwa mimi, hachumi wala haoni mti, yuko na moshi na mafiga matatu. Safari hii nataka chakula kiwashwe usiku nyumbani Wete, kijipike tumelala, kifike Mtambwe saa 7 mchana kikiwa moto.

Kwa asiyeijua, chili ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, pilipili na uzile (bizari nyembamba), uliokulia Texas, Marekani. Mjini San Antonio wanawake waliuza viwanjani usiku tangu karne ya 19 mpaka miaka ya 1930, kila mmoja na taa yake na jiko lake, nikisoma hivyo naiona Forodhani ya Unguja. Mwaka 1977 Texas wakaifanya chakula rasmi cha jimbo. Wengi wao huko hawataki kusikia habari ya maharage ndani yake. Karatasi ya wifi inayo maharage, na mimi nina watu 12 na bei ya nyama naijua. Maharage yamo.

Nilikuwa nishashika waya nichomeke. Mume wangu akakipindua chungu akasoma chini: volti 120, wati 240.

Siku ya 2

Sisi huku ni volti 230. Nasomesha sayansi skuli, kwa hiyo aibu ni yangu. Volti ikikaribia kuwa mara mbili, nguvu inayopita inakaribia kuwa mara nne, na wati 240 zingegeuka kama 880. Chungu kingepika haraka sana, mara moja tu.

Fundi umeme wa mtaani kwetu ameshauri transfoma ya kushusha, ya wati 500, ili isifanye kazi ikitweta. Inaletwa kwa meli kutoka Unguja. Bei siandiki, mume wangu anasoma shajara hii.

Siku ya 9, Jumamosi

Transfoma imefika juzi. Nzito kama tofali, na ikifanya kazi inavuma na kupata joto, kwa hiyo nimeiweka juu ya sakafu tupu, mbali na pazia na mbali na mkeka.

Leo nimepika maji. Mama mkwe, ambaye siku hizi anakaa kwetu, amenitazama nikitia lita 4 za maji matupu na kuzungusha swichi kwenye moto mdogo, akauliza, "Mwanangu, maji haya tunayala na nini?" Nimemwambia ni mtihani. Nimeazima kipimajoto cha maabara ya skuli.

Maji yalianza nyuzi 28. Baada ya saa moja 47. Ya pili 61. Ya tatu 71. Ya nne 79. Ya sita 88, na ya nane 92, bila ya kutokota hata mara moja, mapovu madogo tu pembeni. Mita imekula yuniti 1 na nukta 7 kwa saa zote nane. Taa za nyumbani kwangu zikisahauliwa nje usiku kucha sidhani kama zinapungukiwa sana na hapo.

Nilichotaka kukiona ni zile saa mbili za mwanzo. Chakula kinapita pole sana katika joto ambalo vijidudu vinalipenda, mpaka kivuke nyuzi 60. Maana yake nyama iliyoganda haiingii humu hata siku moja, wala maharage yaliyotoka kwenye friji. Kiingie kitu ambacho tayari kina moto.

Nimeyaandika hayo kwa mkono wangu. Tazama sasa nilivyofanya siku mbili baadaye.

Siku ya 11, Jumatatu

Jaribio la kwanza. Nilifuata karatasi neno kwa neno. Inasema: weka nyama ya kusaga, maharage, tungule (nyanya), vitunguu, vijiko 3 vya pilipili ya unga, funika, nenda zako, rudi baada ya saa 8. Maharage niliyaroweka usiku kucha. Saa 12 alfajiri nikatia vyote, nikafunga mlango, nikaenda skuli moyo mweupe.

Narudi saa 8 mchana, mama mkwe ananipokea mlangoni: "Umeme ulikatika. Tangu saa 3 mpaka saa 5 kasoro robo." Nikaingiza kipimajoto: nyuzi 76. Nikaonja mchuzi. Machozi. Nikaonja maharage, magumu katikati kama kokwa. Nikaendelea kuonja, mtu akiwa na njaa huonja sana, labda maharage kumi au kumi na tano, nikisema labda haya ya juu tu, ya chini yameiva.

Magharibi nilikuwa chooni. Sitaeleza zaidi. Alhamdulillahi hakuna mwingine aliyekula, pilipili iliwalinda.

Siku ya 12

Kitandani, tumbo tupu, chai ya tangawizi. Nimepata nafasi ya kusoma nilichopaswa kusoma kabla.

Maharage mekundu yakiwa mabichi yana protini yenye sumu, fitohemaglutinini. Manne au matano tu yanatosha kumtapisha mtu mzima, na huanza ndani ya saa moja mpaka tatu. Moto wa kutokota huiua. Moto wa uvuguvugu hauiui, na maharage yaliyopikwa kwenye joto la chini ya nyuzi 80 yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi yenyewe. Dawa ni kuroweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji yale, kutia mapya, na kuyatokotesha hasa kwa dakika 10 kwa uchache. Mie nitafanya 30, nimeshapata adabu.

Mama mkwe kasikiliza yote hayo, halafu kasema maji ya kwanza ya maharage yalikuwa yakimwagwa hata kabla yeye hajazaliwa. Sasa mbona karatasi haikusema? Nimeirudia. Imesema "maharage, makopo mawili". Ya kopo yalishachemshwa kiwandani! Aliyeandika anafungua kopo, mimi nafungua mfuko wa kilo. Neno ni lile lile, vitu viwili.

Baada ya hapo nikapitia karatasi nzima na kalamu nyekundu, nikitafuta maneno ya namna hiyo. La pilipili ndilo lililonichekesha. Ile "pilipili ya unga" ya Texas si pilipili peke yake. Ni mchanganyiko uliokwishatiwa uzile, thomu na majani makavu, na pilipili yenyewe ni ile ya taratibu, yenye rangi na harufu kuliko mwasho. Mjerumani mmoja aliyehamia Texas, William Gebhardt, ni miongoni mwa walioanza kuuza unga huo kwenye miaka ya 1890. Vijiko 3 vya kitu kile ni sawa. Mimi nilitia vijiko 3 vya pilipili kichaa iliyosagwa.

Nimesoma pia asili ya chungu. Kilibuniwa Chicago na Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Mama yake alimhadithia chakula cha Mayahudi wa Lithuania kiitwacho cholent, nyama na maharage, kinachopelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni na kuchukuliwa siku ya pili, kwa kuwa Jumamosi hawawashi moto. Mama mkwe akasema basi ni sawa na daku: unaifunika na makaa ya mwisho, unalala, unaiamkia. Tangu hapo amekiangalia chungu kwa jicho jengine.

Siku ya 16, Jumamosi

Jaribio la pili, nipo nyumbani siku nzima. Maharage nimeyachemsha kwenye seredani, jiko letu la makaa, mpaka yamelainika kabisa kabla hayajaonana na tungule, kwa sababu ukali wa tungule huyakaza maharage ambayo hayajaiva, ukishayatia ndani hata saa 10 hazisaidii. Nyama ya kusaga tena. Pilipili nusu kijiko.

Imeliwa. Watoto wamechovya boflo, wamemaliza. Lakini mume wangu, ambaye hasemi uongo hata pale inapofaa, kauliza kama hii ni chili au supu ya wagonjwa. Kweli. Mchuzi majimaji, juu mafuta peke yake, chini nyama imegeuka mchanga. Na ladha zote zimo lakini hazijajuana, uzile unausikia huku, kitunguu kule.

Nilikuwa natafuta nimekosea kipimo gani. Mama mkwe akainamia kifuniko, akatazama matone yanavyoteleza kwenye kioo na kurudi ndani, akasema, "Chungu hiki hakitoi pumzi."

Ndiyo hilo. Juu ya seredani mvuke unaondoka, tungule zinakauka, rojo linajishika lenyewe, na sisi sote tumezoea kupika tukijua maji yatapungua. Humu maji unayotia ndiyo maji utakayoyakuta, na ya vitunguu na tungule yanaongezeka juu yake. Halafu hakuna kitakachokaangika, kwa sababu joto haliruhusu. Kitunguu kibichi kikiingia kinatoka kimechemka.

"Kwa hiyo kaanga kwanza," kasema. "Tungule mpaka mafuta yapande juu. Chungu kimalizie tu."

Na nyama ya kusaga haina haja ya saa nane. Saa nane ni kwa nyama ngumu yenye mishipa na utando, ile ambayo taratibu hulainika ikawa ute na kuushika mchuzi. Nyama ya muundi. Rahisi, na muuza nyama anafurahi kuitoa.

Siku ya 19

Hakuna kupika. Mvua, na karafuu za jirani zimeanuliwa mara tatu leo. Kila anayepita anakimbilia majamvi ya mwenziwe.

Siku ya 23, Jumamosi

Jaribio la tatu. Hili naliandika kwa vipimo kwa sababu ndilo nitakalolipeleka Mtambwe.

Maharage mekundu makavu gramu 600, yamerowekwa usiku, maji yakamwagwa, yakatokota nusu saa kwa moto mkali, kisha moto wa kawaida mpaka yakabonyea kwa kidole. Muundi kilo moja na nusu bila ya mfupa, vipande vya ukubwa wa kete ya bao mara nne hivi, nimeikaanga mafungu matatu ili iungue kidogo pembeni na isijichemshe kwa maji yake. Mfupa nimeutia pia, utatoka mwisho. Vitunguu maji vitano vikubwa, vimekaangwa mpaka rangi ya asali. Thomu kichwa kizima. Tungule kilo moja na kijiko kikubwa cha tungule ya kopo, zimepikwa hadi mafuta yakapanda. Pilipili boga nyekundu mbili nimezichoma juu ya makaa, nikamenya, nikaponda. Zinatoa utamu na rangi ambavyo unga wa Texas ungetoa. Pilipili mbuzi moja, nzima, isipasuliwe.

Uzile vijiko vikubwa viwili, umekaangwa mkavu kisha ukasagwa, na giligilani kijiko kimoja. Hapo ndipo nilipokuwa niishie. Lakini kwenye kusoma kwangu nilikuta kwamba Cincinnati, katika jimbo la Ohio, wana chili yao tofauti, iliyoanzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wahamiaji kutoka Makedonia, na viungo vyake vinavyojulikana ni mdalasini na karafuu. Nilisoma mara mbili. Karafuu! Sasa mtu wa Pemba atapika chili isiyo na karafuu amlaumu nani? Nimetia punje nne, si zaidi, zikizidi zinakuwa dawa ya jino, na kijiti cha mdalasini urefu wa kidole.

Ukifikiri vizuri, pilipili, tungule na maharage haya mekundu vyote asili yake ni Amerika, vimetufikia baada ya Wareno kuanza kupita bahari hii. Hata karafuu si mwenyeji, ililetwa kutoka visiwa vya Indonesia. Sufuria moja na wageni watupu, na hakuna anayeulizwa pasi.

Maji, au tuseme mchuzi wa maharage, vikombe viwili tu. Moyo ulinituma niongeze, nikauzuia. Vyote vimeingia vikiwa vya moto, chungu kikajaa robo tatu. Moto mdogo, saa 8.

Kazi kubwa haikuwa kupika. Kazi ilikuwa kumzuia mama mkwe asifunue. Nimemweleza kwamba kila kufunua kunarudisha nyuma karibu nusu saa, joto likitoka linachelewa kurudi. Akajibu, "Basi nisinuse chakula nyumbani mwangu?" Amefunua mara mbili. Mara ya pili alikuwa na upawa mkononi.

Matokeo: nyama inakatika kwa kijiko, mchuzi unashika mgongo wa mwiko, pilipili mbuzi imeacha harufu yake na ukali wa adabu. Ilikuwa inakosa ukali wa aina nyengine. Nimekamulia ndimu mbili mwisho, moto ukiwa umezimwa, ikaamka. Mume wangu kala sahani mbili na hakusema kitu, nami namjua, hiyo ni alama ya juu.

Tatizo lililobaki ni umeme. Wetu unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 2010. Kabla yake tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na aliyeyakumbuka yale halalamiki ovyo. Lakini kukatika kupo. Nimejiwekea sheria: ukikatika na mtu yupo macho, chungu kinahamia kwenye sufuria na seredani papo hapo. Ukikatika hatujui lini wala kwa muda gani, chakula hakipelekwi kwa watu. Kwa hiyo usiku wa safari mmoja wetu ataamka kila baada ya saa mbili kutazama taa ya swichi.

Siku ya 29, Ijumaa usiku

Saa 4 usiku chungu kimewashwa. Zamu ya kwanza yangu, ya pili ya mume wangu, ya tatu mama mkwe kajipa mwenyewe, eti anaamka kwa tahajudi hata hivyo. Nimemwomba asifunue. Hakujibu.

Siku ya 30, Jumamosi

Umeme haukukatika. Saa 12 asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 90. Tulitoa mfupa na kijiti cha mdalasini, tukatia ndimu, swichi ikaenda kwenye kuweka joto mpaka saa 5.

Usafiri ndio niliokuwa nauogopa. Kauri ya moto haipendi baridi ya ghafla, kwa hiyo chini ya kapu tumetandika gunia na gazeti, chungu kikaingia, kifuniko kikafungwa kwa kanga mbili zilizopishana, juu blanketi. Jirani katuchukua kwa gari yake. Kwenye bonde moja la njia tuliruka sote na kifuniko kikasogea, blanketi likanywa kama vikombe viwili vya mchuzi. Gari la watu sasa lina harufu ya uzile na karafuu. Ameapa haimuudhi. Nitampelekea bakuli la deni.

Kabla ya chakula nimechuma! Matawi ya chini, sisemi uongo, ngazi si yangu. Lakini mikono yangu ilinuka karafuu na si moshi, na pakacha langu lilijaa mara mbili.

Saa 7 na robo tumefungua. Nyuzi 71. Tulikuwa na wali wa nazi uliotangulia na muhogo wa kuchemsha kutoka kwa jirani wa shamba. Wachumaji wameshuka, wamekaa juu ya jamvi, na mzee mmoja ambaye amekuwa akiikwea mikarafuu ya mama mkwe tangu mume wangu hajazaliwa kaonja, katafuna pole pole, kauliza jina. Nikamwambia chili, ya Marekani.

"Ya Marekani," karudia. "Nyama na maharage, uzile, tungule, na karafuu."

"Ndiyo, babu."

"Haya. Niongeze hiyo ya Marekani."

Watu 12 wameshiba, mtoto mmoja kapata kipande cha karafuu chini ya jino na kulia kidogo. Kilichobaki hakikufika hata bakuli moja, kwa hiyo hesabu ya gramu 600 na kilo moja na nusu ni sahihi kwa watu hao ikiwa wali upo. Bila ya wali ningeongeza maharage, si nyama, lakini chungu hakina nafasi kubwa tena.

Naandika haya saa 3 usiku. Tupo barazani tunachambua, makonyo huku, karafuu kule, taa imejaa wadudu. Mama mkwe amenyamaza muda mrefu, halafu kauliza kama chungu kile kinaweza kulazwa na kongoro za ng'ombe tangu Ishaa, ziwe supu ya asubuhi. Nimemwambia kinaweza, ila nyama iwe imechemshwa kwanza, maji yasizidi, na asifunue.

Kaniambia kongoro zishanunuliwa. Zipo ndani ya ndoo, jikoni, chini ya kawa.